Kuvu ukutani na mwenye nyumba anasema ni kosa la mpangaji: nani arekebishe?

*"Nimepanga nyumba ya vyumba viwili vya kulala, ghorofa ya chini, Migosi hapa Kisumu. Kodi ni shilingi 14,000 na nililipa dipoziti ya mwezi mmoja. Tangu mvua za Machi zianze, ukuta wa sebuleni umevimba sehemu ya chini, rangi inabanduka na kutoa unga mweupe. Chumbani kwa watoto nako, nyuma ya kabati, kumejaa madoadoa meusi yanayonuka. Mtoto wangu wa miaka mitatu anakohoa usiku. Nimepaka rangi mara mbili kwa pesa zangu, na mara zote mbili ikaharibika tena. Keateka, yaani msimamizi wa jengo, anasema mzee mwenye nyumba hatashughulika kwa sababu 'hatufungui madirisha', na kwamba nikihama atakata dipoziti. Makubaliano tuliyotia sahihi yanasema mpangaji atafanya 'ukarabati wa ndani'. Je, naweza kushikilia kodi mpaka atengeneze? Na hiyo kuvu nyeusi ni sumu kweli?"*

Dada, swali lako lina kuta mbili, na kuta hizo haziugui ugonjwa mmoja. Ule wa sebuleni, kwa jinsi ulivyoueleza, unanyonya maji kutoka ardhini. Ule wa watoto yaelekea unapata unyevu wa hewa ya chumbani, ingawa huo sharti upimwe kabla ya kuuhukumu. Mzee analaumu madirisha, na juu ya ukuta wa pili huenda ana nusu ya ukweli. Juu ya ule wa kwanza hana pa kushika: hakuna dirisha utakalofungua likazuia maji kupanda kutoka kwenye msingi. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza nani alipe, uliza maji yanatoka wapi.

Kuvu, au ukungu kama wengi wanavyouita, hailetwi na rangi duni wala uchafu wa mpangaji. Mbegu zake, ndogo kiasi cha kutoonekana, zimo hewani kila mahali, Milimani kwa matajiri na Nyalenda kwa wanyonge sawasawa. Zinachongoja ni maji tu. Mbao, silingi bodi, karatasi au rangi ya ukutani ikikaa imelowa zaidi ya saa 24 hadi 48, zinaanza kuota. Ndiyo sababu pesa zako za rangi zilipotea mara mbili. Ulipaka juu ya maji.

Tuanze na sebule. Huo unga mweupe ni chumvi. Maji hupanda kwenye vijitundu vya mawe na saruji kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa koroboi. Yakifika juu yanakauka, chumvi inabaki nyuma, inavimba chini ya rangi na kuibandua. Kwa kawaida unyevu wa aina hii hauzidi kimo cha mita moja hivi kutoka sakafuni. Chukua penseli, chora mstari pale ukuta uliolowa unapoishia, andika tarehe kando yake, uangalie tena baada ya wiki mbili. Jambo jingine la kuzingatia ni kwamba kuvu haipendi mahali penye chumvi nyingi, kwa hiyo unga mweupe na madoa meusi ni nadra kukaa mahali pamoja. Hiyo pekee ingekufanya ushuku kwamba una matatizo mawili.

Nyumba ya mawe inatakiwa kuwa na kile mafundi wanachoita DPC, yaani utepe mweusi wa lami unaolazwa kati ya msingi na mawe ya kwanza ya ukuta, angalau milimita 150 juu ya ardhi ya nje. Chini ya sakafu nako hutandikwa nailoni nzito. Utepe huo unaweza kuwa haukuwekwa kabisa, au ulichanika wakati wa ujenzi. Lakini kosa linalopatikana mara nyingi, na ambalo unaweza kulikagua mwenyewe bila kulipa mtu, ni kwamba DPC ni nzima ila imerukwa: mtu alikuja baadaye akamwaga udongo wa maua au kulaza kabro (matofali ya zege ya uani) juu ya kimo chake, na maji yakapata daraja la kuingilia ukutani. Toka nje ya ukuta huo huo na rula. Kabro au udongo ukiwa sawa na sakafu ya sebule, au juu yake, umeshapata mhalifu. Tazama na gata, yaani mfereji wa kukinga maji ya paa. Pale gata ilipokatika, maji ya paa huanguka moja kwa moja chini na kurusha matope, na ukuta wenye alama za matope kimo cha futi moja unajieleza wenyewe. Katika sehemu za chini kuelekea ziwani na uwanda wa Kano, udongo mweusi hushika maji kwa muda mrefu baada ya mvua, hivyo ukuta unaweza kuendelea kunywa hata jua likiwa linawaka.

Tiba yake haianzii ndani. Nje kunachimbwa hadi ardhi ishuke milimita 150 chini ya DPC, gata inarudishwa, na chini ya ukuta kunamwagwa zege yenye mteremko wa kuelekea nje, upana wa sentimita 60 hadi 90. Kama DPC haipo, mafundi hutoboa matundu ya milimita 12 kwenye mstari wa chini wa saruji, moja kila sentimita 10 hadi 12, na kujaza dawa ya krimu inayozuia maji kupanda. Ndani, plasta iliyojaa chumvi inabomolewa hadi sentimita 30 juu ya ule mstari wako wa penseli, kisha ukuta unaachwa ukauke. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika kwa haraka ya watu. Kipimo cha kawaida ni mwezi mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene, na ingawa joto la Kisumu husaidia, ukuta wa sentimita 15 haukauki kwa wiki mbili. Baada ya hapo ndipo hupigwa plasta mpya ya simiti moja kwa mchanga nne, yenye dawa ya kuzuia maji, na rangi huja mwisho kabisa. Fundi akikuambia atabandika vigae au zile mbao za plastiki za ukutani "na mambo yaishe", mkatalie. Maji yaliyozibiwa njia ya kukaukia hupanda juu zaidi, na mwakani utayakuta juu ya vigae.

Hakuna hata moja kati ya kazi hizo inayoweza kuitwa ukarabati wa ndani wa mpangaji.

Sasa chumba cha watoto. Madoadoa meusi nyuma ya kabati, kwenye pembe, mahali pasipopita hewa, ni dalili ya unyevu wa hewa: mvuke unakutana na ukuta wenye ubaridi na kugeuka maji. Lakini Kisumu si Nakuru wala Kericho. Usiku wa hapa una joto, na kuta hazipoi kiasi cha kutoa jasho ovyo. Ndiyo maana nasita kumpa mzee ushindi wa haraka. Ukuta wa Kisumu ukitoa jasho, mara nyingi umepozwa na maji ya mvua yanayoupiga kwa nje, au bomba linavuja ndani yake, au chumba hakina njia ya hewa kabisa.

Fanya jaribio hili. Sogeza kabati, futa ukuta, uuache ukauke kwa siku moja. Kata kipande cha karatasi ya foili cha sentimita 30 kwa 30, ukibandike ukutani kwa teipu pana pande zote nne, pasibaki upenyo. Kiache siku mbili. Uso unaotazama chumba ukiwa na matone, unyevu ni wa hewa ya ndani. Foili ikiwa kavu kwa mbele lakini imelowa upande wa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta, na ukuta ni wa mwenye nyumba. Bandika kingine sebuleni ulinganishe. Halafu, ili kuondoa shaka ya bomba, funga koki zote za maji ya nyumba usiku, piga picha ya mita ya maji, na usitumie tone kwa saa moja. Namba ikisogea, pana bomba linalovuja, na huyo ni fundi wa kuitwa kesho. Kama mita yenu ni ya jengo zima jaribio hilo halifai. Angalia badala yake kama choo au bafu la jirani limegusana na ukuta huo.

Ikithibitika kuwa ni hewa, basi kuna kazi yako humo, na ni vizuri kuikubali bila aibu. Gesi ya kupikia inapoungua hutoa maji: kila kilo moja hutoa takriban kilo moja na nusu ya mvuke. Maana yake, mtungi wa kilo 6 unapoisha umemwaga zaidi ya lita 9 za maji hewani mwa nyumba yako, mbali na mvuke wa sufuria za ugali na maharagwe. Ongeza nguo zinazoanikwa chumbani kwa sababu ya mvua. Fungua madirisha ya pande mbili zinazotazamana kwa dakika 15 hadi 20 asubuhi na baada ya kupika, funika sufuria, na usogeze kabati sentimita 10 kutoka ukutani. Kabati lililosukumwa mpaka likagusa ukuta wa nje linaifugia kuvu chumba chake.

Kisha inua macho juu ya dirisha. Yale matundu ya kudumu ya hewa, mengi huzibwa na wapangaji kwa magazeti ili mbu wasiingie. Sikulaumu, mbu wa Kisumu si wa mzaha. Lakini gazeti huzuia hewa pia. Litoe, piga brashi vumbi, bandika wavu wa mbu. Na kama juu ya dirisha hakuna tundu lolote, au dirisha lilipigiliwa misumari lisifunguke, lawama inarudi kwa mwenye jengo: hawezi kukudai ufungue kitu ambacho hakukijenga.

Kuhusu sumu: rangi nyeusi haikuambii ni kuvu ya aina gani, kwani ziko nyingi zenye rangi hiyo. Usitoe pesa kupima maabara. Iwe nyeusi, kijani au nyeupe, inaondolewa na maji yake yanakatwa. Inachofanya kwa hakika ni kuchokoza pumu na mzio, na huwasumbua zaidi watoto wadogo na wenye kinga dhaifu. Haileti kifua kikuu kama majirani wanavyosema. Kile huletwa na bakteria, kutoka kwa mtu hadi mtu. Hata hivyo usiisingizie kuvu kila kikohozi, ukasema "ni ukuta tu" huku mtoto anaugua kitu kingine. Mhamishe alale chumba kingine kuanzia leo. Kikohozi kikipita wiki mbili, au akipungua uzito, mpeleke kituo cha afya akapimwe, na umweleze daktari habari ya kuvu. Akipumua kwa mluzi, akipumua haraka, au mbavu zikivutika ndani kila anapovuta pumzi, hiyo ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Eneo la kuvu likiwa chini ya mita moja mraba unaweza kulisafisha mwenyewe. Piga picha kwanza. Vaa glavu na barakoa, fungua madirisha, watoto wawe nje. Usikwangue ukuta mkavu, maana utazitawanya mbegu nyumba nzima. Lowesha kwa maji ya sabuni, sugua, futa kwa kitambaa utakachotupa. Jik (dawa ya klorini ya kung'arisha nguo) hufaa kwenye vigae na sehemu ngumu, kama robo lita kwa lita nne za maji, lakini kwenye plasta huua rangi ya juu na kuacha mizizi ikinywa. Kamwe usiichanganye na siki wala dawa ya kusafishia choo. Hutoa gesi inayoumiza mapafu. Eneo likizidi hapo, au silingi bodi ikiwa imeloa na kulegea, hiyo si kazi ya mpangaji na ndoo.

Tuje kwenye sheria. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 65, inaweka ahadi za mwenye nyumba ndani ya kila upangaji hata kama karatasi yenu haikuzitaja: nyumba ya kuishi iwe inafaa kukaliwa na binadamu siku ya kuingia na ibaki hivyo muda wote wa upangaji, na pale unapokodi sehemu tu ya jengo, paa, kuta za nje, kuta kuu na mifereji mikuu ya maji machafu ni juu yake kuvitunza. Kifungu cha 66 nacho kina zako: ulipe kodi, utunze nyumba kwa kiasi, umruhusu mwenye nyumba aingie kukagua kwa saa za staha, na uirudishe kama ulivyoikuta, isipokuwa uchakavu wa kawaida na madhara ambayo hayakutokana na uzembe wako. Ndiyo sababu picha, foili na mstari wa penseli vina thamani. Vinaonyesha uzembe haukuwa wako. "Ukarabati wa ndani" kwa maoni yangu ni kitasa, balbu, bomba la sinki na rangi uliyoichafua mwenyewe. Kuugeuza kuwa DPC ni kuunyoosha mno. Lakini mpe wakili asome karatasi nzima, si sentensi moja, kabla hujaenda mbali.

Kodi usiishikilie. Najua inauma kulipia nyumba inayokuharibia afya, lakini ukidaiwa kodi, Sheria ya Kukamata Mali kwa Ajili ya Kodi, Sura ya 293, inamruhusu mwenye nyumba kumtuma dalali mwenye leseni, na kesi ya ukuta inageuka kuwa kesi ya sofa lako. Kilicho salama ni makubaliano ya maandishi: fundi alete makadirio, mwenye nyumba atie sahihi kwamba utalipa na kukata kwenye kodi ya miezi fulani. Bila sahihi yake, usikate hata shilingi.

Mwandikie mzee mwenyewe, si keateka, ambaye mara nyingi hupeleka nusu ya maneno na kurudisha nusu nyingine. WhatsApp inatosha kuanzia, mradi usifute. Andika kwa heshima na kwa vipimo: "Mzee, shikamoo. Ukuta wa sebule umelowa hadi sentimita 60 kutoka sakafuni, nimechora mstari tarehe 4. Kabro ya nje iko juu ya sakafu kwa sentimita 5. Naomba uje na fundi ndani ya siku 14. Mimi nimesogeza kabati, nimefungua matundu ya hewa na nimesafisha chumba cha watoto." Sentensi ya mwisho usiiache, maana inamnyang'anya hoja ya madirisha kabla hajaitoa.

Siku 14 zikipita kimya, nenda ofisi ya afya ya umma ya kaunti ndogo yenu. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inaihesabu nyumba iliyo katika hali ya kudhuru afya, au isiyo na hewa ya kutosha, kuwa kero, na afisa anaweza kuja kukagua na kumpa mwenye jengo ilani ya kuiondoa. Wenye nyumba wengi huamka wakiiona ilani kuliko wakipokea barua ya wakili. Chifu anaweza kuwapatanisha, ila uamuzi wake si hukumu. Baraza la kodi za nyumba, wengi hulikimbilia bila kujua kwamba linahusu nyumba zenye kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, yako haimo. Dipoziti ikishikiliwa bila sababu, Mahakama ya Madai Madogo hupokea madai yasiyozidi shilingi milioni moja, huhitaji wakili, na sheria yake inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60.

Kuna njia ya tatu, nayo ni kuhama. Kama mzee hajibu, DPC haipo, na mvua za Oktoba hadi Desemba ziko njiani, gharama ya pikapu na dipoziti mpya inaweza kuwa ndogo kuliko mwaka mzima wa dawa za kikohozi. Kwa upangaji wa mwezi kwa mwezi, toa notisi ya mwezi mmoja kwa maandishi. Ukienda kuona nyumba nyingine, nenda baada ya mvua kubwa, uvute kabati au pazia lililopo, upitishe kiganja kwenye pembe za chini, na unuse ndani ya makabati ya ukutani. Nyumba iliyopakwa rangi mpya sehemu ya chini tu ina jambo inaloficha.

Siku ya kutoa ufunguo, piga picha kuta zote mbili rula ikiwa ukutani, umwombe keateka aandike tarehe na sahihi kwenye nakala mbili, na yako ubaki nayo.